Ukisema "mapenzi yako yatimizwe", taja ni katika jambo lipi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na Wakristo wenzetu. Katika mikesha ya kufunga mwaka kuna maneno yanayosemwa kwa sauti kubwa kuliko wakati mwingine wowote: "Bwana, najitoa kwako, sina changu tena." Ni maneno matakatifu, na wengi huyatamka kwa machozi ya kweli. Lakini sisi tunaoketi na waumini kwa ajili ya ushauri tunawaona watu hao hao wakirudi mwezi wa pili au wa tatu wakiwa wamechoka, wakidhani hawakujitoa vya kutosha, au kwamba Mungu hakuwapokea. Mara nyingi tatizo haliko huko. Walikabidhi kila kitu kwa jumla, wasikabidhi kitu hata kimoja kwa jina lake.

Mapenzi ya mtu, yaani utashi wake, hayaelei hewani. Yana mahali yaliposhika: kiwanja cha urithi kinachogombaniwa na ndugu, barua ya uhamisho kwenda wilaya ya mbali, mchumba ambaye wazazi hawamtaki, uenyekiti wa kwaya, mtoto aliyepangiwa na baba kusomea udaktari ilhali moyo wake uko kwingine. Ndiyo maana anayekuja kwetu tunampa kwanza karatasi na kalamu. Aandike sentensi moja tu, yenye jina la jambo na kile anachokitaka: "Nataka nyumba ya marehemu baba ibaki kwangu." Watu wazima, wasomi, huikalia karatasi hiyo nusu saa. Kuandika "maisha yangu yote" ni rahisi. Kuandika "nyumba ya baba" kunauma, na hapo panapouma ndipo kazi inapoanzia.

Baada ya karatasi tunakwenda Gethsemane. Mathayo 26 isomwe polepole, maana wengi wanairukia sentensi ya mwisho. Bwana Yesu aliomba mara 3. Sala ya kwanza inasema, "ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Ya pili inasema, "ikiwa haiwezekani kikombe hiki kiniepuke nisipokinywa, mapenzi yako yatimizwe." Tazama alivyotoka kwenye "ikiwezekana" akafika kwenye "ikiwa haiwezekani". Hakuanzia mwisho. Alimwambia Baba anachokitaka, akasema waziwazi kwamba nafsi yake ina huzuni, akawachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo wakeshe naye, kisha akarudia maneno yale yale mara ya tatu. Mkristo anayekimbilia "mapenzi yako yatimizwe" kabla hajasema anachotaka huwa hajakikabidhi, amekificha. Na kilichofichwa hutafuta mlango mwingine wa kutokea: kinyongo kwa mwenzi, ukali kwa watoto, uchungu kwa Mungu ambao mwenyewe haujui asili yake.

Kanisa la kale lililipigania jambo hili kwa gharama kubwa. Katika karne ya 7 walikuwapo waliofundisha kwamba Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, ule wa kimungu. Mmonaki Maksimo Muungamadini alikataa mafundisho hayo. Mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka huo huo. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ulikiri kwamba Kristo ana utashi wa kimungu na utashi wa kibinadamu, na kwamba huu wa kibinadamu unautii ule wa kimungu bila kufutwa. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wahubiri wanaowaambia vijana kuwa Mungu anataka mtu asiyetaka kitu chochote. Hapana. Ikiwa Mwana wa Mungu alikuwa na utashi wa kibinadamu na hilo halikuwa dhambi, basi kutaka kwako kuolewa, kupata kazi au kupona si dhambi pia. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Mungu hutenda kazi ndani yetu "kutaka kwenu na kutenda kwenu". Utashi unageuzwa uelekeo, hauvunjwi ukatupwa.

Sasa tuseme kosa tunalokutana nalo kuliko yote: kumwomba Mungu aonyeshe njia wakati safari imekwisha kuanza. Yeremia 42 inalieleza vizuri ajabu, na ni sura isiyohubiriwa sana. Baada ya Gedalia, liwali aliyewekwa na Wakaldayo (Wababeli), kuuawa, Yohanani mwana wa Karea na mabaki ya watu wa Yuda walimwendea nabii wakamsihi awaombee, wakaapa kwamba liwe jema au baya watatii. Yeremia alikaa siku 10 ndipo neno likamjia: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wakamjibu kwamba anasema uongo, wakaenda Misri. Kwa nini waape hivyo halafu waasi upesi hivyo? Jibu liko mwisho wa sura ya 41: walipomjia nabii walikuwa tayari wamepiga kambi karibu na Bethlehemu ili waende Misri. Mizigo ilikwisha kufungwa. Walichotaka kwa nabii ni baraka tu, wala hawakujijua kuwa wanafanya hivyo, kwa maana hofu yao ya Wakaldayo ilikwisha kuwaamulia.

Basi kabla ya kuomba, mtu ajiulize: mizigo yangu iko wapi? Kama mahari imepelekwa, ukumbi umelipiwa na kadi zimesambazwa, sala ya "Bwana, kama si mapenzi yako zuia" imechelewa. Kama umekwisha kuwaambia watu 20 kuwa utagombea, ni vigumu mno kusikia "usigombee". Jaribio tunalowapa watu ni hili: andika majibu mawili, ndiyo na hapana, na chini ya kila moja andika utakachofanya Jumatatu asubuhi ukilipata. Chini ya "ndiyo" watu hujaza ukurasa. Chini ya "hapana" huacha tupu, au huandika "nitaendelea kuomba". Aliyeandika hivyo hajafika. Aendelee kuongea na Mungu, siku nyingine na nyingine, mpaka aweze kuandika chini ya "hapana" jambo la kweli analoweza kulifanya na kuishi nalo. Ignasi wa Loyola, aliyeanzisha Shirika la Yesu (Wajesuiti) mwaka 1540, aliwafundisha wanaofanya uamuzi wasimame katikati kama mizani, wasielemee upande wowote hadi waone kipi kinamtukuza Mungu zaidi. Aliwapa pia maswali mawili ambayo bado tunayatumia: mtu usiyemjua akikuletea jambo hili hili, ungemshauri nini? Na saa ya kufa kwako, ungependa uwe umeamuaje? Hata Mprotestanti aliye mkali kuhusu mambo ya Kikatoliki atayaona yana msaada.

Hapa tuna neno kuhusu "amani". Makanisani kwetu imekuwa ndiyo hakimu wa mwisho: "sina amani na jambo hili", "nimepata amani, basi ni Mungu". Amani ni tunda la Roho, lakini haifai kuwa shahidi wa peke yake. Yona alipomkimbia Bwana alishuka ndani ya merikebu akalala usingizi mzito, dhoruba ikivuma. Bwana Yesu, baada ya kusema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", Luka anaandika kwamba alikuwa katika dhiki, akazidi sana kuomba, hari yake ikawa kama matone ya damu. Aliyekuwa akiasi alilala, na aliyetii alitoka jasho. Kwa hiyo usimwambie mjane aliyewasamehe shemeji zake waliomnyang'anya shamba kwamba, kwa kuwa bado analia usiku, msamaha wake haukuwa wa kweli. Wapo wanaotii kwa miezi wakiwa na tumbo la moto, na utii wao ni kamili mbele za Mungu. Vilevile, Ignasi alionya kwamba wakati wa giza la moyo mtu asibadilishe uamuzi alioufanya wakati wa nuru. Tunalisisitiza hili kwa wenye msiba, wagonjwa na waliochoka kazi. Asubiri.

Muda nao una kipimo. Jambo dogo lisipewe zaidi ya siku 3 hadi 7. Jambo kubwa kama ndoa, kuacha kazi au kuingia utumishi, lipewe wiki kadhaa zenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. "Nasubiri sauti ya Mungu" isiyo na tarehe mara nyingi ni woga uliovaa kanzu. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake walizuiwa na Roho wasilihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, wakatelemka mpaka Troa, na hapo ndipo Paulo akapata maono ya mtu wa Makedonia. Walikuwa wanatembea muda wote huo. Na asubuhi yake hawakuondoka kwa sababu Paulo peke yake aliona. Luka anaandika kwa wingi, wote walipoona hakika kwamba Mungu amewaita. Ndiyo maana tunashauri jambo liambiwe watu 2 au 3 waaminifu, angalau mmoja wao awe hana faida yoyote katika jibu lako.

Kuna kizuizi kingine ambacho watu hawakipendi: utii wa jambo la jana. Mtu anataka kujua kama Mungu anampeleka masomoni, na huku ana deni la mwenzake ambalo anaweza kulilipa na halipi. Mathayo 5 inasema uache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Gahini nchini Rwanda na kuenea Kigezi, Buganda, Bukoba na Kenya miaka ya 1930, ulilielewa hili kuliko sisi. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kulipa walivyodhulumu, na walipozungumza juu ya "kuvunjika" na "kutembea nuruni" walimaanisha mambo yanayoonekana kwa jirani. Uamsho ule nao ulikuwa na makosa yake. Palipokuwa na kushinikizana kuungama hadharani, wengine waliumizwa. Lakini anayetaka kujua kama amejisalimisha aangalie kama kuna mtu aliyepokea fedha zake, samahani yake, au kiwanja chake kwa sababu hiyo.

Sauli mfalme hakulijua hilo. Katika 1 Samweli 15 aliamriwa aangamize vyote vya Waamaleki. Akaangamiza vilivyo dhaifu na visivyofaa, akabakiza mfalme wao Agagi na kondoo na ng'ombe walio wazuri, na Samweli alipomuuliza akasema ni vya dhabihu. Tunamfahamu mtu huyu. Humtolea Mungu pombe aliyokwisha kuichoka, urafiki uliokwisha kufa wenyewe, Jumapili yenye mvua. Kilicho kizuri hukiwekea sababu ya kidini. Na Sauli alipobanwa alikiri chanzo: aliwaogopa watu. Tukimuuliza mtu kwa upole "ukilitoa hili, nani atakucheka?", mara nyingi jina hutajwa papo hapo, na tangu hapo mazungumzo hubadilika.

Tusipoandika aya hii, barua yote inaweza kuleta madhara. Kumkabidhi Mungu utashi si kumkabidhi mchungaji, nabii, mume au kiongozi wa kikundi. Kanungu nchini Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyofika zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Watu hao walikuwa wamejisalimisha kweli, ila waliyejisalimisha kwake ni binadamu. Dalili zake hujulikana mapema: kiongozi anakataza usiulize wengine, anataka siri kwa ndugu zako, anapata mali au mwili wako kutokana na utii wako, na anasema Mungu hukuambia mambo yako kupitia yeye tu. Ikionekana hata dalili moja kati ya hizo, ondoka, na uwaambie ndugu na polisi. Kijana akimwambia binti "Mungu ameniambia wewe ni mke wangu", jibu la haki ni kwamba Mungu anaijua pia nyumba ya binti.

Vivyo hivyo kwa mwanamke anayepigwa na kuambiwa kwamba kukaa ni kujikana nafsi. Bwana Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, "wanipigia nini?" Paulo alipokaribia kupigwa mijeledi alitaja uraia wake wa Kirumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Daudi alimkimbia Sauli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeasi mapenzi ya Mungu kwa kujiokoa na mkono wa mdhalimu. Na mgonjwa anayeacha dawa za presha, kisukari au virusi vya ukimwi kwa sababu "amemwachia Mungu", asome 2 Wafalme 20. Mungu alimwahidi Hezekia miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa zilikuja siku moja.

Tuseme jambo limekabidhiwa, jibu limekuja, mtu ametii. Wiki ya pili anajikuta analirudisha mikononi mwake, kama abiria aliyempa utingo mzigo kisha akapanda juu ya keria aulalie. Hapo wengi hukata tamaa na kusema sala ya kwanza ilikuwa bure. Haikuwa bure. Luka 9:23 inasema msalaba hujitwikwa "kila siku", na neno hilo linatosha kuwafariji. Asubuhi, kabla ya kushika simu, dakika 5: itoe ile karatasi, lisome jambo kwa sauti, mwambie Mungu leo pia ni lake, na utaje tendo moja la siku hiyo litakaloonyesha hivyo. Anayekabidhi ugomvi wa urithi anaweza kuandika, "leo simpigii wakili simu ya hasira." Usiku, dakika 10: ni wapi leo nilishika tena? Nilikuwa naogopa nini saa ile? Nimshukuru Mungu kwa lipi? Akikosa siku 4, aanze ya 5 bila kulipia hizo 4. Tumewaona wengi wakishindwa kwa kujitwika saa nzima ya sala tangu siku ya kwanza. Wiki moja ikapita, wakaacha vyote.

Ombi letu kwa wachungaji, mapadre na viongozi wa jumuiya linahusu mikesha yenyewe. Mwaka 1755 John Wesley alipowaita watu wake London kuweka agano la kujitoa kwa Mungu, hakuwashtukiza usiku mmoja. Alilitangaza Agosti 6, akalifundisha asubuhi zilizofuata, Ijumaa wakafunga, na Agosti 11 ndipo watu kama 1,800 wakasimama kuonyesha wamekubali. Wamethodisti hadi leo huwa na ibada ya agano mwanzoni mwa mwaka. Kanisa lolote linaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya karatasi tu: somo liwe Jumapili mbili kabla ya mkesha, kila mtu aende nyumbani na kipande chake aandike jambo moja, asionyeshe mtu asipotaka, na usiku ule anapoitwa mbele aje amekishika. Kisha mwishoni mwa Machi mzee wa kanisa amtembelee kila aliyeitikia, asimhoji yaliyoandikwa, amuulize tu: lile jambo, bado liko kwa Bwana au limerudi kwako? Kama limerudi, wapige magoti pale pale sebuleni.

Ni sisi,
Wazee wa kanisa na walei wa huduma ya ushauri wa kiroho,
Dodoma